Alama ya Alhamisi

Jumatano, 24 Aprili

Daktari amesema wiki mbili, labda tatu. Baba hajaambiwa. Yeye anauliza Ijumaa tu — kura! Ofisi ya uchaguzi imekataa kuja nyumbani: wanaofuatwa ni wa kuanzia miaka themanini na mitano. Baba ana themanini na minne. Nikaomba gari la kumpeleka kituoni. "Tutakupigia, dada." Nani atapiga? Mji mzima wa Mysuru unawaomba haohao.

Miaka thelathini na moja Baba alichanganya wino wa kura kiwandani. Sasa naujaza mimi kwenye vichupa. Nchi nzima ipakwe, yeye akose!

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeiba. Matone machache tu ya wino, kwenye kichupa cha kahawia — mwanga ukiingia unaharibika.

Nimemwambia Baba leo ndiyo Ijumaa, maafisa wamenituma mimi. Debe la biskuti ndilo sanduku. Kalamu ameishika kwa shida. "Geuka huko, Sumi. Kura ni siri, hata kwako." Nikageuka. Nimelia kimya kimya nikitazama ukuta.

Kisha nikampaka wino kidole cha shahada, mkono wa kushoto, ukucha na ngozi. Akakinyoosha mwenyewe dirishani, juani. "Subiri. Chumvi ya madini ya fedha iliyomo ikipigwa na jua inageuka nyeusi, inashikana na ngozi. Hakuna sabuni ya kuitoa." Ikawa nyeusi. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Machi. "Mchanganyiko safi huu. Nani kachanganya?"

Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 26 Aprili

Saa tisa alasiri — hodi! Vijana wawili, kiti cha magurudumu, gari nje. "Dada, samahani tumechelewa. Babu yuko tayari?" Kituo kinafungwa saa kumi na mbili.

Nimewaacha barazani, nikafunga mlango. Limau. Sabuni ya kufulia. Mafuta ya taa. Nimesugua mpaka nimemwumiza. Haukutoka hata kidogo! Kituoni mwenye kidole cheusi ameshapiga, hawasikilizi hadithi. Mpaka ukucha uote mwingine ni miezi mitatu, minne. Baba hana miezi hiyo. Kura yake ya mwisho nimemnyang'anya mimi, kwa mkono wangu.

"Unasugua nini, mwanangu? Huo niliutengeneza usitoke."

Kijana mmoja akaita kutoka barazani: "Babu, twende ukapige kura, muda unakwisha!"

Baba akanitazama. Akatazama debe juu ya kabati.

"Sumi, jana haikuwa Ijumaa?"

Nimekimbilia jikoni, ndipo ninapoandikia. Vijana wameshaingia chumbani. Nasikia anawaomba wamvalishe shati lake jeupe, lile la siku za kura —