Garde-boue ya nyuma

Kavira mujukuu wangu, jambo kutoka Mususa. Tuko bazima, maharagi imeiva. Unauliza velo yako ya course, ile baiskeli ya mbio, uiwekee garde-boue gani, ya urembo ao ya kuzuia matope kweli.

Mbele ya ndoa, mimi na babu yako tulienda Beni kuona bazazi bangu, kila mutu na velo yake. Garde-boue zake zilingʼaa, lakini ile ya nyuma alikuwa ameifungia kipande ya mupira ya pneu ya zamani, ikafika karibu na chini.

Nikamuuliza: «Mbona unaharibisha urembo?»

Mvua ikatupiga njiani. Nilimufwata mupaka Beni, na liputa yangu ya kitenge ikafika safi.

Akasema: «Ile ya nyuma haiko yangu. Iko ya mwenye kunifwata.»

Njo nikamukubali.

Chagua rangi yenye unapenda, lakini ya nyuma ikuwe murefu. Na uniambie: ni nani anakufwataka?

Koko wako Masika