Nilivyowapeleka Watoto Tanga Nikiwa na Shaka

Mpendwa Mama Tumaini,

Watoto hawajambo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata hujauliza mimi nimekula nini. Tumaini ameng'oka meno mawili ya mbele. Beka, uliyemwacha hajasimama vizuri, siku hizi anapanda baiskeli yangu ikiwa imeegeshwa ukutani na kuniaga kwamba anakwenda Malinyi.

Nataka nikueleze safari yetu ya Tanga. Imewagusa watu wako, na ndani yake kuna jambo ambalo nilimwambia mama yako kabla sijakuambia wewe.

Yalianza mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeanza kumiminika mashineni kukobolewa. Dada yako Rehema alinipigia simu akasema likizo ya mwezi wa sita niwapeleke watoto wakamwone bibi yao na bahari, siku nne tu. Nikasema nitaangalia. Baada ya siku mbili akapiga tena, akauliza Tumaini anavaa kiatu namba ngapi. Mara ya tatu akanikumbusha nisisahau vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Halafu, kama mtu aliyekumbuka tu wakati anakata simu, akauliza kama mtoto ameshajua kusoma.

Wewe unanijua. Mtu anayekwenda kutembea siku nne, cheti cha kuzaliwa cha nini?

Ulikuwa unanicheka kwa tabia hii. Mwaka wetu wa kwanza hapa Ifakara, nilisimama sokoni nikawageuza perege wote kwenye beseni la yule mama, nikiwafunua matamvua mmoja mmoja, mpaka akaniuliza kama nanunua au nachumbia. Ulicheka hadi nyumbani. Ukaniambia, "Ninyi mafundi wa mashine mnasikiliza kila kitu kama kinataka kuharibika." Ni kweli. Kazi yangu ni kuisikia beringi inapoanza kulia, kabla haijavunjika na kulaza magunia ya watu. Ila zamani nikirudi nyumbani nilikukuta wewe, nikasikia na mengine. Ulipoondoka nikabaki nasikia beringi tu.

Na nilikuwa na sababu. Siku tuliyokuzika, mama yako alimpakata Beka akasema mbele ya wazee kwamba mwanaume peke yake hawezi mtoto wa mwaka mmoja, afadhali aondoke naye. Nilikataa. Hakubishana nami, aliniangalia tu, na yale macho nimekaa nayo miaka miwili.

Basi nikaipanga safari kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Kaka yangu Deo aliniazima gari lake dogo, nikalifungua injini hata pale ambapo hapakuwa na ubovu. Mambo ya watoto niliyafuata kama ulivyonifundisha tulipompeleka Tumaini kwenu akiwa na miezi tisa: uji kwenye chupa ya chai, kanga mbili kwa kila mtoto, mfuko wa kutapikia uwe karibu na mkono, na maziwa marufuku mpaka tupite Mikumi. Nilikumbuka ulivyonigombeza siku ile kwa kuhesabu kilometa. "Acha kutazama saa," ulisema, "mtazame mtoto usoni." Kwa hiyo nikapanga siku mbili badala ya moja, tulale Morogoro kwa binamu yangu, tufike Tanga mchana wa siku ya pili watoto wakiwa bado wana nguvu za kucheka.

Hayo ndiyo mazuri niliyoyapanga. Mengine ni haya. Vyeti vyenyewe nilimwachia Deo, nikabeba nakala. Tarehe ya kurudi nilimtajia kila mtu, kuanzia majirani hadi katekista, ili iwe na mashahidi. Na jioni moja nilimketisha Tumaini nikamfundisha jibu. "Bibi au mama mkubwa wakikuuliza kama unataka kubaki Tanga, sema hapana, nataka kurudi Ifakara kwa baba." Nilimtaka alirudie mara tatu mpaka likatoka bila kukwama. Ana miaka sita, Mama Tumaini.

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Kufika kijiji cha Kiberege tulikuta watu wameanika mpunga kwenye maturubai kando ya barabara, Beka akawapungia mkono wote kana kwamba anagombea udiwani. Mikumi tuliwaona tembo watano karibu kabisa na lami. Nilipunguza mwendo, Beka akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Ifakara. Tumaini ndiye aliyekuwa kimya muda wote. Nilidhani ni kichefuchefu. Tulipowapita tembo akauliza, bila kunitazama, "Baba, bibi ni mtu mbaya?"

Nikamwambia hapana, bibi anampenda sana. Akauliza tena kwa nini basi amjibu vile. Nikamwambia atazame dirishani, huenda twiga wapo. Hapakuwa na twiga. Nilishika usukani mpaka Morogoro nikiona aibu, lakini shaka nayo haikushuka garini.

Tanga walitupokea vizuri mno, na hilo nalo nikalishuku. Mama yako amepungua, anatembea ameshika ukuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniita mwanangu, kisha akamvuta Tumaini na kumwangalia uso kwa muda mrefu. Yule mtoto ana kipaji chako cha uso, wewe unajua, na mimi nikijua nilipaswa kumwacha mama yako aangalie. Badala yake nilisimama pale nikihesabu ni muda gani amemshika.

Siku ya pili tukawapeleka baharini. Beka alisimama kwenye mchanga, akayatazama yale maji yalivyotanda mpaka mwisho wa macho, akaniuliza, "Baba, mpunga wao wameshavuna?" Nilicheka nikashindwa kujizuia, na Rehema akacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa watu wa familia moja. Hapo nilikutamani uwepo kuliko siku zote. Nilikumbuka wewe mwenyewe, wiki yako ya kwanza bondeni, mto ukiwa umejaa na mashamba yote yamefunikwa, ulivyosimama tutani ukasema hii bahari yenu haina chumvi, mtaniloga niipende. Ukaipenda kweli.

Siku ya tatu mchana, Tumaini alitoka chumbani kwa Rehema amevaa sare ya shule. Sketi ya bluu, shati jeupe, viatu vyeusi namba yake kamili. Alikuwa ameikuta imetundikwa, akaijaribu, amefurahi. Rehema alitoka jikoni akaganda mlangoni.

Sikupiga kelele. Nilimwambia Tumaini avue, kisha nikaanza kukunja nguo zao na kuzitia begini. Moyoni nilikuwa karibu na furaha, nakuambia ukweli. Shaka ikithibitika ina utamu wake. Nilikuwa nimeisikia ile beringi tangu mwezi wa tano.

Mama yako aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele niliomletea, akaniambia niache begi kwanza. Akakiri yote bila kuzunguka. Rehema alikuwa amemwombea Tumaini nafasi kwenye shule ya jirani, na walitaka kuniomba siku ya mwisho, tukishakula.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniomba kwa simu.

"Kwa sababu tulisikia umeoa," akasema.

Nikauliza nani amesema. Akajibu ni Tumaini mwenyewe. Kila wakiongea naye kwa simu anawaambia Mwalimu Salome amemsuka, Mwalimu Salome amepika uji, Mwalimu Salome amemfundisha wimbo. Wakajiuliza huyo Salome analala wapi. Wakaogopa wajukuu wanalelewa na mtu ambaye hata jina lake baba hajawahi kulitaja. Nilianza kupandisha sauti kwamba Salome ni jirani, anafundisha chekechea, anawasaidia watoto ninapochelewa mashineni, na kama walikuwa na swali wangeuliza.

"Tungekuuliza," akasema mama yako, "wewe ungesema?"

Mama Tumaini, nisingesema. Nilikuwa nimekwenda Tanga kuwakamata watu waliokuwa wananificha jambo, na mimi nina langu nililolificha hata kwa Deo. Sijaoa. Salome halali kwangu na hakuna lililotendeka la kunitia aibu. Lakini tangu Pasaka nimekuwa nikitafuta sababu za kurudi nyumbani kabla hajaondoka. Nilirekebisha cherehani yake ambayo haikuwa mbovu. Mwenyewe sikuwa nimekubali kwamba najua maana yake. Pale uani, mbele ya mama aliyekuzaa, nikasema, "Sijaoa, mama. Ila nimeanza kufikiri."

Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza kama watoto wanampenda. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na yeye anawapenda, au ananipenda mimi tu kupitia wao. Nikasema sijui. "Afadhali umesema hujui," akasema.

Ndipo akamwita Tumaini na kumuuliza kama angependa kukaa naye. Mtoto akanyoosha mikono ubavuni, kama yuko mstarini shuleni, akasema, "Hapana, nataka kurudi Ifakara kwa baba." Hakumtazama bibi yake alipokuwa akisema. Alinitazama mimi, aone kama amepatia.

Mama yako aliinamisha kichwa. "Hayo ni maneno yako," akaniambia taratibu. "Yake yako wapi?"

Nimeshatenda makosa mengi tangu uondoke. Nimewahi kumuunguza Beka kwa maji ya kuoga, nimesahau siku ya chanjo. Hakuna lililoniuma kama uso wa mtoto yule akisubiri nimwambie amepatia. Nilichuchumaa nikamwambia lile jibu nilimfundisha mimi na nilikosea, na sasa aseme linalotoka kwake, hakuna atakayekasirika. Akasema hataki shule ya Tanga kwa sababu rafiki zake wako Ifakara. Lakini anataka kubaki na bibi mpaka likizo iishe, kwa sababu bibi ana hadithi zako.

Ana hadithi zako. Mimi sikuwahi kumsimulia hata moja. Nilidhani namkinga.

Nikamwacha. Rehema hakuniaga asubuhi niliyoondoka. Alikuwa na hasira ya sare na ya Salome, na sidhani imeisha. Nilirudi na Beka peke yake nyuma ya gari, akiniuliza kila kituo dada yake yuko wapi, na kila kituo nilitaka kugeuza. Niliporudi nyumbani nilipiga simu kila siku, asubuhi na jioni, nikisikiliza sauti ya mtoto kama nasikiliza mashine. Wiki ya pili simu haikupatikana siku nzima. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda kituo cha basi aliponipigia yeye. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao, akasema, na je, ni kweli mama aliwahi kuanguka kwenye tope akiwa na gauni la harusi?

Ni kweli. Nilimsimulia yote, hata sehemu ambayo ni mimi niliyekusukuma.

Leo wako njiani. Mama yako ameamua kumleta mwenyewe, pamoja na miguu yake ile, na amesema wazi kwamba anakuja kumwona Salome. Wamenipigia wakiwa Mikumi. Nilimwambia Salome aje tuwapokee pamoja, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia sina, lakini aje. Yuko hapa kituoni kando yangu ninapoandika, amevaa gauni la kanisani.

Sikuombi ruhusa, Mama Tumaini, wala sikuagi. Nilitaka tu ulisikie kwangu, nami niwe wa kwanza kukuambia angalau hili moja: basi limeingia, na Tumaini ananipungia mkono dirishani, na bibi yake amemshika.

Mumeo,
Baba Tumaini na Beka