Limeshuka, Halikuanguka

Jumanne, 2 Septemba 2025
Puto la kupima dhoruba za ziwa limefika kilomita kumi na nane juu ya Mwanza leo asubuhi. Amesema Bernadetta Muganyizi, mhandisi wake, kwa simu. Nafasi ya mwandishi ndani ya chumba cha mitambo, Kisesa, ni moja. Mhariri wetu, Antoni, amempa Dorcas. Dorcas! Mimi ndiye niliyemfundisha hata kuandika tarehe.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekwenda Kisesa hata hivyo. Nimesimama nje ya uzio. Bernadetta akatoka kunieleza: puto halina usukani, na kila kimo kina upepo wake. Pampu ikijaza hewa kwenye mfuko wa ndani, puto linakuwa zito, linashuka. Hewa ikitolewa, linapanda.
“Hatuliendeshi, mzee wangu. Tunalichagulia upepo.”
Sentensi nzuri. Dorcas aliipata jana — imo kwenye habari yake, ukurasa wa kwanza. Nimemwona dirishani akicheka na mafundi, kikombe cha chai mkononi. Kikombe changu cha ofisini! Hapana. Kinafanana tu.

Alhamisi, 4 Septemba
Saa nne puto lilikuwa juu ya Sengerema, linazidi kwenda magharibi. Wamelishusha kilomita mbili, upepo wa chini ulirudishe huku. Bernadetta ametupigia wote wawili: “Tumelishusha.” Saa nane Dorcas kaniletea rasimu.
“Shikamoo, mwalimu. Ipitie haraka, Antoni ananing’ang’ania.”
Mstari wa kwanza: puto limeanguka kilomita mbili.
Limeanguka. Neno moja. Kalamu ilikuwa mkononi. Nimesahihisha mkato mmoja, nikamrudishia.
“Safi,” nikasema.

Ijumaa, 5 Septemba
PUTO LAANGUKA SENGEREMA. Herufi kubwa.
Saa moja asubuhi kapiga simu Ngosha, mwakilishi wetu kule. Watu wamejaa ufukweni, mitumbwi imeingia majini kutafuta mabaki. “Kaka, tunaokota nini hasa?”
Hakuna cha kuokota. Puto liko juu, zima. Lakini wanaotoa kibali cha kurusha maputo wanataka maelezo ya maandishi kabla puto la pili halijaruka. Bernadetta: huyo binti asikanyage tena hapa.
Antoni kamuuliza Dorcas mbele ya chumba kizima cha habari — nani alipitia hii? Dorcas kaniangalia.
“Niliipitia mwenyewe.”
Hata katika hili amenizidi.
Nafasi ya Kisesa nimepewa mimi. Mchana nimekula sato mzima, sikubakiza. Saa tisa ukaja ujumbe wa Dorcas: “Mwalimu, lile neno uliliona?” Nimeufungua. Anaona kwamba nimeusoma.
Saa kumi na moja jioni Bernadetta amethibitisha: kibali kimetoka. Puto la pili linarushwa kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jina langu liko getini. Ujumbe bado sijaujibu.