Jina Mlangoni mwa Pikapu

Jumanne usiku

Na bado kaka Salumu anang'ang'ania tuipeleke pikapu yetu kwa fundi rangi wa Mazwi. Fundi yuleyule aliyepaka gari la mjomba bila kupiga msasa, mvua moja tu rangi ikabanduka. Nikamwambia nitapaka mwenyewe. Akanicheka mbele ya mke wangu, eti nitaipaka kama mlango wa choo.

Kupakwa lazima ipakwe. Tuliinunua kwenye mnada wa chama cha ushirika na jina la chama bado linasomeka mlangoni. Leo Mtowisa, tulikokwenda kununua mpunga, wakulima wameliona tu, wakafunga stoo zao. Chama kiliwapunja kilo miaka yote, wamechoka.

Nikashuka, nikamwamkia mzee mmoja. Nikamweleza kuwa sisi ni watu binafsi, chama hakitujui, na gari tutalipaka rangi.

"Pakeni," akasema. "Na hiyo mizani huko nyuma, mliinunua wapi?"

Tuliinunua mnada uleule, siku ileile.

Tumerudi na magunia matupu. Njia nzima ya kupanda mlima Salumu anabishana nami habari za rangi, na mizani inagonga bodi nyuma yetu.