Jumba Ambamo Emmy Ataolewa

Kitale, 10 Julai 2006

Emmy mwanangu,

Salamu katika Bwana. Sisi ni wazima, na mahindi yamenipita urefu.

Ile picha ya jumba la manispaa la huko kwenu Ufaransa, mtakamofungia ndoa, nimeizungusha kwa akina mama wote wa kanisa. Nimewaambia vile uliniandikia, kwamba chini ya yale matao watu waliuza nafaka miaka mia nne iliyopita, kwamba vita vililichoma zikabaki kuta, na wenyeji wakalijenga tena kwa mawe yale yale. Jirani yetu Nanyama akasema, "Na saa iko juu! Si letu hapa ni la mabati tu." Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Baba yako ndiye alikataa kuiangalia. "Ndoa kwa ofisi ya makansela wa mji? Ati anaenda kukata leseni ya kioski?" Nilimwomba pasta akutangaze Jumapili tatu, kama anayeolewa hapa, na picha nikaiacha mezani. Siku moja nikampata ameishika dirishani, anahesabu mawe ya tao kwa kidole. Unamjua, fundi wa mawe ni fundi tu.

Jana, tangazo la mwisho, pasta aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba yako akasimama. Nami nikashika benchi.

"Sina pingamizi," akasema. "Watu waliojenga mawe namna ile, wakachomewa, wakajenga tena, hao wanaweza kukaa na mtoto wangu."

Mama yako anayekuombea,
Rosaline