Firigisi ya Baba

Jumatatu, 14 Julai 2025
Leo gari la watu wa filamu limenichukua mpaka Kisarawe. Mimi mbele, pembeni ya dereva! Wanaigiza utoto wa shamba wa zamani, mimi mshauri. Nani mwingine anayajua mambo hayo? Darasa la tatu langu hili linafundisha wenye digrii.
Nyumba ya udongo wameijenga vizuri. Mlango mpana mno. Nimewaambia. Wamenuna.

Jumatano, 16 Julai
Ugomvi. Baba wa kwenye filamu kakaa mkekani na watoto, wanakula, wanacheka. Nikapiga kelele — simamisheni! Baba yetu alikula barazani, peke yake. Hatukusogea.
Stellamaris, binti anayewaongoza, akakubali. Mwigizaji akahamia barazani. Akaitafuna firigisi yote! Nikasimamisha tena. Firigisi ni ya baba, kweli, Mama alimwekea juu ya wali. Ila Baba aliifukia chini ya wali, akasema ameshiba, akatuita tutoe sahani. Tuliigombania, mpaka ngumi.
Stellamaris kauliza, sasa babu, kama aliwapenda hivyo, mbona hakukaa nanyi?
Nikasema ndiyo heshima.
Jibu halijanikaa vizuri.

Alhamisi, 17 Julai
Nyumbani, Mkuza. Nimemsimulia binti yangu Kudra, ndiye ninayekaa kwake. Nilidhani atanisifu. Kasema, "Baba, na wewe ndiyo hivyo hivyo. Wajukuu wanakujua mgongo tu." Eti kesho ndiyo mwisho wa kuniletea chakula barazani. Kuanzia Jumamosi ni mezani, asiyekuja shauri yake.
Ananitisha mimi! Siendi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimetoka msikitini. Kudra kapika kuku. Kaniletea barazani, firigisi juu.
Nimekula. Firigisi nikaifukia. Nikaita, nimeshiba, njooni mtoe sahani! Kaja Maua, mjukuu mkubwa. "Shikamoo babu." Kabeba sahani moja kwa moja mpaka kwenye ndoo ya makombo. Hakupekua! Nikaguta — acha! Mtoto kashtuka, karudi nayo. "Babu, nimekosa nini?"
Hajakosa. Hakuna aliyemwambia kuna kitu chini.
Sahani ipo magotini, naandika juu ya mkono wa kiti. Ndani wanacheka. Kiti kimoja pale mezani kitupu, Kudra kakiweka tangu asubuhi. Sikuuliza cha nani.
Wali umepoa. Maua anachungulia mlangoni. "Babu, nije kuichukua, au unaileta mwenyewe?"
Kandambili zangu ziko wapi —