Mandazi ya Nekesa

Jumatatu, 3 Februari
Nimekamua ng'ombe, nikafika soko la Kamukuywa saa moja. Nekesa alikuwa tayari na karai kwa moto. Mandazi nne na chai. Ananiita kuka, yaani babu, ingawa si damu yangu. Bibi aliyemlea alikufa akamwacha peke yake. Nani alimwona wa kwanza? Mimi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana. Mimi nilipeleka jina lake kwa Madam Chepkemoi, afisa wa ustawi wa jamii anayetoka shirika la Kitale. Madam amesoma. Lakini nyumba zenye shida yeye hazijui. Bila kikundi chetu angezunguka na faili tu. Mimi niliacha shule darasa la tatu na bado wananisikiza.

Msichana ana kifafa. Tunajua watatu: yeye, madam, mimi. Kila mwezi nampeleka kliniki Kitale. Watu tunawaambia tunaenda kutafuta unga. Tangu aanze dawa hajaanguka. Kikundi kikampa jiko na karai. Kazi yangu hiyo.

Alhamisi, 6 Februari
Wageni wa shirika wanakuja Jumanne. Madam amepiga simu. Ati, "Mzee, ya ugonjwa wa Nekesa tuyaache. Sema tu mlimpa jiko." Nimesema sawa. Mimi si mtoto wa kukumbushwa.

Jumanne, 11 Februari
Wageni wamekuja. Hema, viti, soko lote limejaa. Chai na mandazi ya Nekesa. Mwenyekiti wa kikundi cha Kimilili alipewa nafasi kwanza. Akajisifu na mradi wao wa kuku. Kuku bana! Wageni wakaandika.

Nikasimama. Nikasema yetu si ya kuku. Nikamwita Nekesa mbele. Nikasema huyu alikuwa anaanguka kifafa, tukamtibu, leo mnakula kazi ya mkono wake. Wageni walipiga makofi sana. Watu wetu hapana. Mama mmoja alirudisha mandazi kwa sahani. Alikuwa ameiuma tayari.

Nekesa aliangalia viatu vyake. Lakini niliongea vizuri.

Jumatano, 12 Februari
Saa nne karai bado imejaa. Nikanunua kumi. Nikazila nimesimama katikati ya barabara ili waone. Kijana wa boda akapiga kelele: "Mzee, ukianguka usituangukie!" Wakacheka wote. Wajinga. Kifafa haiambukizi. Tulifundishwa hiyo kwa semina, mimi nilikaa mstari wa mbele. Kosa ni lao.

Nekesa hakuniita kuka leo. Alisema tu, "Karibu."

Alhamisi, 13 Februari
Asubuhi nimekuta jiko mlangoni kwangu. Limesuguliwa likang'aa. Karai juu yake. Nyumba ya Nekesa ina kufuli.

Mke wangu ameangalia hilo jiko. Akasema, "Baba Simiyu, mdomo wako ungekuwa jembe tungekuwa tumelima mpaka Kapenguria."  Siku hiyo sikula.

Jumatatu, 17 Februari
Madam alikuja. Nilimpa kiti, hakuketi. Akasema, "Mzee, bila nyinyi nisingemjua huyu msichana. Na sasa simpati, na ni kwa sababu yenu." Nikamwambia ni watu ndio wabaya. Akauliza, "Watu walijuaje?"

Alhamisi ni siku ya kliniki. Dawa zimekwisha au zinakwisha.

Usingizi hakuna. Ni mimi. Hakuna mwingine.

Jumatano, 19 Februari
Nimeenda Bungoma, nikaendelea hadi Myanga. Shangazi yake anakaa huko. Jiko nimelibeba njia yote.

Shangazi hakunikaribisha ndani. Nekesa alitoka. Ana kidonda kwa paji la uso. Ameanguka mara mbili. Anaogopa kuonekana kliniki.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Ya wageni, ya Kimilili, ya kuku. Yote yalipotea. Akasema, "Kuka, mimi nilikuambia kwa sababu wewe ni mzee. Nilidhani wazee wamechoka kuongea."

Nikasema, nisamehe mtoto wangu. Neno hilo sijawahi kuambia mtu, hata mama Simiyu.  Nilimpa namba ya madam, akaichukua. Jiko alikataa. Nimerudi nalo.

Alhamisi, 6 Machi
Madam amempatia kliniki nyingine na mahali pengine pa kuanzia. Mbali. Amerudi kwa dawa. Anapika. Fomu ya kuhamisha faili inataka sahihi ya mwenyekiti, ndipo nikaona jina la mahali. Nimetia sahihi polepole. Nikamwambia madam nataka kuachia kiti. Akasema, "Ukiacha nani atanionyesha nyumba? Kaa. Lakini kaa kimya."

Jumatatu, 10 Machi
Nimekamua. Soko, saa moja. Pale kwa Nekesa sasa kuna mtu anauza vitunguu. Yule kijana wa boda amenisalimia. "Mzee, wako wa mandazi alienda wapi?"

Najua. Najua mpaka mtaa na mlango. Na walikuwepo watu wengi wa kusikia.

Nimesema sijui. Hapa pia siandiki.

Nikanywa chai kavu, nikarudi nyumbani.